Kura Zile Zile, Kiti Kimoja

Katika uchaguzi wa mwaka 1986 serikali ya Rais Mitterrand wa Ufaransa iligawa viti vya Bunge kwa uwiano wa kura. Chama cha mrengo wa kulia cha National Front, kilichoongozwa na Jean-Marie Le Pen, askari wa miavuli wa zamani aliyepigana Algeria, kilipata karibu asilimia 10 ya kura na viti 35. Mwaka 1988 sheria ya duru mbili ilikwisha rejeshwa. Asilimia ikawa ile ile. Kiti kikawa kimoja tu.

Mtaalamu wa siasa Maurice Duverger alikwisha eleza mwaka 1951 kwamba namna ya kupiga kura hufinyanga vyama vyenyewe. Duru ya pili huwapa wapinzani nafasi ya kuungana. Mwaka 2024 wagombea zaidi ya 200 walijitoa, na chama hicho, sasa Rassemblement National, kiliongoza duru ya kwanza kikaishia nafasi ya tatu.

Ujerumani jirani hufuata uwiano, ila kwa kizingiti cha asilimia 5. Chama cha AfD kilikwama hapo mwaka 2013; mwaka 2025 kilipata viti 152.

Wako wanaoisifu sheria ya Ufaransa kuwa ngome. Lakini mwaka 1988 ngome hiyo iliwafungia nje wapiga kura zaidi ya milioni 2, na chama kinachodai kuwa wakubwa wamewapora wananchi sauti kikapewa ushahidi bure. Mwaka 2022, kwa sheria hiyo hiyo, kilipata viti 89.