Mto Nabuyonga Kwenye Skrini ya Simu

Mada kwa semina ya wanahabari chipukizi, Nkoma, Mbale



Nimeombwa nizungumzie nyenzo za intaneti na namna ya kujuana mtandaoni. Naomba nianzie mtoni.

Usiku wa kuamkia Jumapili, 31 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Simu zikajaa video: magari yanaelea, watu wanalia. Sisi tukasambaza. Swali lililobaki chini ya tope ni hili: nyumba zile zilifikaje pale, hatua chache kutoka majini, na kwa idhini ya nani?

Mwanafunzi anaweza kuanza kulijibu kabla hajapanda boda. Google Earth kwenye kompyuta huhifadhi picha za satelaiti za miaka ya nyuma. Ukizirudisha moja baada ya nyingine, utaona kama mapaa yamekuwa yakiusogelea mto au la. Satelaiti za Ulaya za Sentinel nazo hutoa picha bure. Ila Sentinel-2 haioni kupitia mawingu, na mawingu ya Mlima Elgon mnayajua. Msimu wa mvua jaribuni Sentinel-1, ambayo ni rada na hupenya mawingu.

Halafu njooni kwenye sheria. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito zimeweka ukanda wa hifadhi, wa mita 30 au 100, kulingana na mto. Sheria ya Kupata Habari ya 2005 inampa raia haki ya kuomba nyaraka za serikali, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ombeni vibali vya ujenzi kwa barua. Mimi naipenda barua hiyo kuliko satelaiti zote: picha haimlazimishi mtu kujibu, barua inamlazimisha, na akinyamaza, kimya chake nacho ni habari.

Sasa kujuana. Wengi wetu tumo kwenye makundi ya WhatsApp hata hatuyahesabu, na kazi yetu humo ni kuuliza, "Nani ana namba ya fulani?" Anayeomba kila siku bila kuleta kitu huchosha. Mwanafunzi wa Jinja anaijua miwa ya Busoga. Wa Mbale anaijua kahawa ya Bugisu. Wabadilishane. Mwenzenu wa Bungoma, ng'ambo ya mpaka, anautazama Elgon uleule kutoka upande wa Kenya, na Kiswahili kitawatosha nyote watatu. Ukiwa na jambo lako la uhakika, hata mhariri wa Uganda Radio Network, shirika linalouzia redio habari, ataona sababu ya kupokea simu yako. Mtandao wa kimataifa wa wanahabari wachunguzi, GIJN, una miongozo ya bure. Isomeni mkiwa na kazi mkononi, la sivyo itawapita kama hotuba ya harusi.

Bando nalo ni ghali. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii ilianza Julai 2018. Mwaka 2021 ikaondolewa, mahali pake pakaja ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Basi pakueni miongozo na kanuni mara moja, mzihifadhi kwenye simu.

Jambo la mwisho ni la kizamani. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ikafungwa. Siku kama hizo, anayewajua watu wake kwa majina ya mtandaoni tu hana pa kuwapata. Mwenye daftari la namba za simu bado anapiga.

Kabla ya chai, kila mmoja atoe daftari, aandike namba tatu za watu wa wilaya isiyo yake. Kalamu ziko pale mezani.