Hamu ya Chakula Katika Wiki za Kwanza za Mlo Mpya

Mazungumzo ya afya kwa mabaraza ya wananchi, Kaunti ya Nakuru



Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu aliyetoka zahanati akiwa ameambiwa abadilishe anavyokula. Huenda sukari imepanda, huenda ni presha, huenda ni uzani uliozidi. Amekubali ushauri, na Jumatatu asubuhi ameanza vizuri. Lakini saa kumi jioni, harufu ya mandazi inapotoka kwenye kibanda cha jirani, azimio lote linayeyuka. Siku ya tatu anasema hawezi. Kufikia Jumapili amerudi alikokuwa. Wengine hawaishii hapo. Kwa aibu ya kushindwa na chakula, wanaacha hata kwenda kliniki na kumeza dawa. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu jambo hili linafaa kuzungumzwa hadharani.

Wenye shida hii si wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya wana uzani uliozidi. Kwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa asilimia 94 hawali matunda na mboga za kutosha kila siku. Haya yanatokea hata hapa Nakuru, ambako viazi hutoka Molo na Kuresoi, na karoti hupangwa kando ya barabara pale Kinungi.

Jambo la kwanza ni kutofautisha njaa na hamu. Njaa huja polepole, na hutulizwa na chakula chochote, hata githeri ya jana. Hamu huja ghafla na hutaja inachotaka kwa jina: chapati, soda, vibanzi, mutura. Huamshwa na jicho, na pua, na saa fulani ya siku. Kuwa nayo si udhaifu wa tabia, bali ni mazoea ya mwili na akili, na mazoea yana taabu. Lakini hamu ina sifa moja njema: kwa kawaida haidumu. Mtu akinywa maji, akatembea kidogo au akashika kazi nyingine, mara nyingi hupungua baada ya dakika chache. Anayelijua hilo hana haja ya kupigana nayo. Anaipisha tu.

Jambo la pili ni kwamba hamu ina mahali pake na saa yake. Kwa msafiri ni pale Kikopey, moshi wa nyama choma unapoingia dirishani. Kwa dereva wa lori ni Salgaa usiku. Kwa mfanyabiashara wa mjini ni steji ya matatu jioni, penye viazi karai na smoki. Mtu akiandika kwa siku saba ni saa ngapi na ni wapi hamu ilimshika, ataona mtindo. Akishauona, anaweza kupita njia nyingine, au kula kabla ya kufika pale. Hata nyumbani ni hivyo. Biskuti zilizowekwa mezani huliwa bila kuwazwa, kipande kimoja kila mtu apitapo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Jambo la tatu ndilo linalowaangusha wengi: kujinyima kupita kiasi. Chukua mfano wa mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha ambaye ameamua kupunguza uzani. Alfajiri anakunywa chai ya rangi tupu. Mchana anaruka chakula. Akifika nyumbani saa kumi na mbili jioni anatetemeka kwa njaa, na sahani moja ya ugali haimtoshi. Kisha anajilaumu kwamba hana nidhamu. Kosa halikuwa la jioni. Lilianza asubuhi.

Dawa yake ni kula kwa wakati, chakula kinachokaa tumboni. Uji wa wimbi usio na sukari nyingi pamoja na yai la kuchemsha, maharagwe au ndengu mchana, na mboga kwa wingi. Kipimo rahisi ni sahani yenyewe: nusu iwe mboga kama sukuma wiki, managu, terere au kabichi. Robo iwe maharagwe, samaki, kuku au nyama, na robo iliyobaki iwe ugali, wali au viazi. Viazi vya kuchemsha si adui. Mafuta mengi ya kukaangia na chumvi ya kunyunyizia ndivyo vinavyoviharibu. Usingizi nao una nafasi yake, kwa kuwa mtu asiyelala vya kutosha huamka na njaa zaidi na kutamani vitamu zaidi. Wanaofanya kazi usiku wazingatie hilo.

Jambo la nne ni chai, kwa maana hapa kwetu sukari nyingi hupitia kikombeni. Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Anayeweka vijiko vitatu na kunywa vikombe vitatu kwa siku amekula gramu 36 kabla ya kugusa soda au mandazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima wa kawaida asizidi gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ingekuwa bora zaidi abaki karibu na 25. Si lazima mtu aache siku moja. Akitoka vijiko vitatu hadi viwili na nusu, wiki inayofuata viwili, ulimi utazoea. Chumvi ni vivyo hivyo. Isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na vitafunio.

Jambo la tano ni familia. Jifya moja haliinjiki chungu. Mgonjwa akipikiwa sufuria yake pembeni huku wengine wakila vinono mbele yake, hatafika mbali. Chakula kinachomfaa mwenye kisukari kinawafaa pia watoto na wazee, kwa hiyo nyumba nzima ile kutoka chungu kimoja. Wageni nao wasione vibaya mwenyeji akikataa sukari, na mwenyeji asilazimishe mgeni kikombe cha pili kwa heshima. Kumuuliza mtu, "Nikuwekee sukari?" kabla ya kumimina ni adabu ndogo inayoweza kumsaidia sana.

Sasa onyo. Mtu anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vya kisukari, asianze kuruka milo wala kufunga kula bila kuzungumza na mhudumu wa afya. Sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 na kuleta jasho, kutetemeka, mapigo ya moyo ya haraka na kuchanganyikiwa. Akiwa bado na fahamu, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha ale chakula. Akizimia asinyweshwe kitu. Akimbizwe hospitalini. Na anayeahidiwa dawa ya kupunguza kilo kumi kwa wiki ajihadhari, kwani kasi salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Mwisho, atakayeteleza asihesabu kwamba ameanguka. Chapati mbili za harusi Jumamosi hazifuti wiki nzima ya kazi njema. Mlo unaofuata ndio mwanzo mpya, wala hakuna haja ya kungoja Jumatatu. Mhamasishaji wa afya ya jamii anapopita nyumbani aulizwe bila haya, apime presha na sukari, na tarehe ya kliniki isirukwe hata kama wiki ilikwenda vibaya. Mhudumu anataka kumwona zaidi yule aliyeteleza kuliko yule asiyerudi.