Mianzi Miwili ya Kuvulia Karpi



Huko Uingereza yuko samaki wa maji matamu aitwaye karpi, mwenye nguvu na hila nyingi. Zamani wavuvi wengi walidhani karpi mkubwa hawezi kutolewa majini kwa ndoana. Bwana Richard Walker hakukubali. Alijiundia mwanzi ulioitwa Mark IV, na tarehe 13 Septemba, 1952, katika bwawa la Redmire, alivua karpi wa ratili 44.

Mwanzi huo si mti mmoja. Mwanzi mgumu wa China hupasuliwa, vipande sita huchongwa kwa pembe tatu, kisha huunganishwa kwa gundi kuwa ufito mmoja wenye pande sita.

Iko ya namna mbili, yote ya futi 10. Wa kwanza ni wa karpi: ncha yake haipindi hata kufanya pembe mraba ila kwa mvuto wa ratili moja na nusu. Wa pili, uitwao Avon, ni mwepesi zaidi, nao wafaa mshipi mwembamba na samaki wadogo.

Kwa macho hufanana sana. Basi anunuaye leo asitazame vanishi tu. Na achungulie kama ufito umenyoka, na kama gundi haijaachana. Tena ajue amfuataye samaki gani. Avon ikitumiwa kumzuia karpi mkubwa asiingie maguguni, yaweza kupinda isirudi tena, au kuvunjika, na mianzi ya miaka ile haipatikani kwa urahisi.