Ukweli Wote Ndio Heshima ya Mashujaa



Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini Iringa, limehifadhiwa fuvu moja la binadamu ambalo lilipata kuandikwa katika mkataba wa mataifa makubwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, mkataba uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi hiyo sita ikageuka kuwa miaka 35. Fuvu lilirudi Uhehe mwezi Juni 1954, likiletwa na Gavana Twining na kupokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa mwenyewe, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi huru.

Kila mtoto aliyesoma shule nchini anaijua habari ya Mkwawa. Anajua kwamba tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashujaa wa Kihehe waliuvamia msafara wa Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, wakamwua pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake. Anajua kwamba Wajerumani walirudi na mizinga, wakaiangusha ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Anajua pia kwamba kwa karibu miaka minne zaidi Mtwa alipigana vita vya msituni, na kwamba tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alichagua kujiua kuliko kuanguka mikononi mwa adui akiwa hai. Habari hiyo ni ya kweli, na hakuna utafiti ulioitengua.

Lakini utafiti umeongeza maswali. Na maswali hayo ndiyo yanayostahili kuzungumzwa leo, kwa sababu wako watu wanaoyaogopa.

Historia ya Iringa imepita katika mikono mingi. Kwanza iliandikwa na walioiteka. Kitabu cha mwanzo kikubwa juu ya Wahehe, kilichochapishwa mwaka 1908, kiliandikwa na Ernst Nigmann, afisa wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa na makao yake Iringa. Baada ya Uhuru, wasomi walikataa kwamba Mwafrika hana historia ila ile aliyofanyiwa na wengine. Mwaka 1968 Alison Redmayne alichapisha utafiti wake juu ya Mkwawa na vita vya Wahehe. Mwaka 1969 kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu. Katika miaka hiyo hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Majimaji. Hiyo ilikuwa kazi ya ukombozi, nayo ilifanywa vizuri.

Kizazi cha watafiti kilichofuata kimeuliza swali gumu zaidi: kama watu wa Nyanda za Juu za Kusini walikuwa hodari kiasi kile, kwa nini waliangushwa? Jibu la mizinga halitoshi, kwa kuwa Lugalo ilionyesha kwamba jeshi lenye bunduki za kisasa laweza kushindwa. Jibu lingine limo katika uhusiano wa Waafrika wenyewe.

Chukueni mfano wa Usangu. Katika vita vya miaka ya 1870 na baada yake Wahehe waliwashinda Wasangu, na ukoo wa Merere ukaihama nchi yake na kujenga ngome Usafwa, upande wa Mbeya ya leo. Wajerumani walipofika, Merere alishirikiana nao, na baada ya Kalenga kuanguka watu wake wakapata kurudi Usangu. Ni rahisi kumwita kibaraka na kufunga kitabu. Lakini kwa Msangu wa wakati ule Mjerumani alikuwa njia ya kurudi nyumbani. Hakujua, wala hangeweza kujua, kwamba anayemfungulia mlango wa nyumba ya jirani ataingia na katika yake.

Chukueni pia mfano wa Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Mwishoni mwa mwaka 1896 Wajerumani walimsimika awe mtawala wa Uhehe mahali pa Mtwa. Muda si muda wakamtuhumu kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri, na mwaka 1897 wakamnyonga. Je, alikuwa msaliti au shujaa aliyejificha? Wanaotaka jibu la neno moja hawatalipata.

Kisha waangalieni watu wa 1905. Majimaji ilipolipuka, wako Wabena waliochukua silaha. Watu wa Mbeyela walikuwa miongoni mwa walioishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Lakini Nigmann alipotoka Iringa kwenda kuiokoa boma ya Mahenge, Wahehe walikuwa miongoni mwa waliopigana upande wa Wajerumani. Ilikuwa miaka saba tu tangu Mlambalasi. Jamie Monson ameeleza, katika makala yake ya mwaka 1998, jinsi miungano na uhasama wa tangu kabla ya ukoloni ulivyoamua nani atapigana upande gani. Mwaka 2010 yeye na James Giblin walihariri kitabu kizima cha kuitazama Majimaji upya.

Hapo ndipo wengine hukunja uso. Husema kwamba mambo ya namna hii huwavunjia heshima mashujaa na kufukua chuki za makabila. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana mkoloni aliitumia historia kuwagawa watu. Lakini kunyamaza si dawa. Taifa linalosimulia ushindi wa Lugalo na kuficha sababu za kuanguka kwa Kalenga linajinyima somo lililonunuliwa kwa damu. Wahenga walisema umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Historia kamili ya Iringa ni ushahidi wa methali hiyo, nayo inaeleza kuliko hotuba yoyote kwa nini waliopigania Uhuru walianza kwa kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 120. Mkwawa hapungui kwa kujulikana kwamba alizungukwa na majirani wenye visasi. Ushupavu wake unaonekana zaidi.

Hata habari ya fuvu ina somo lake. Gavana Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen, kutoka mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Njia hiyo haikuweza kuleta uhakika. Tena lilirudishwa wakati vita vya Mau Mau vikiwaka nchi jirani ya Kenya na serikali ya kikoloni ikihitaji utii wa machifu. Watafiti wa siku hizi, akiwamo Frank Edward wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyeandika pamoja na wenzake wawili wa Ujerumani mwaka 2020, wameonyesha jinsi siasa ilivyofungamana na mifupa. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya utafiti wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki, na vinasaba vya baadhi yake vikaoanishwa na jamaa walio hai Kilimanjaro. Maana yake ni kwamba mashujaa wengi bado wamo katika masanduku ya ugenini, nao hawatatambuliwa bila utafiti.

Tanzania si nchi ya kwanza kukabiliwa na jambo hili. Ayalandi, iliyotawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, ilipigana vita vya uhuru kuanzia 1919 hadi 1921. Kati ya mwaka 1947 na 1957 serikali yake ilikusanya maelezo 1,773 ya watu walioshiriki katika harakati hizo, ikayafungia, ikayafungua kwa umma mwaka 2003. Humo mna ushujaa na mna uchungu. Mwaka 1998 mwanahistoria Peter Hart alitoa kitabu juu ya mapigano ya Cork kilichozua ubishi mkali, hasa juu ya yale ambayo wapigania uhuru waliwatendea majirani zao. Waliompinga hawakutosheka na kukasirika. Walikwenda katika ushahidi, wakambishia ukurasa kwa ukurasa. Mashujaa wa 1916 hawakuanguka kwa ubishi huo. Miaka 100 yao iliadhimishwa kwa heshima kubwa mwaka 2016.

Somo kwa Iringa liko wazi. Ayalandi iliwauliza wazee wake wakiwa hai. Hapa, wazee walioshuhudia Lugalo na Majimaji wametoweka, lakini wapo waliosimuliwa na babu zao waliokuwapo, na kila mwaka idadi yao inapungua. Wapo pia wanaokumbuka siku ya fuvu mwaka 1954, mikataba ya kazi katika mashamba ya mkonge, na harakati za TANU. Kumbukumbu hizo zisipoandikwa sasa, hazitaandikwa.

Tatizo la pili ni lugha. Karibu tafiti zote zilizotajwa hapa zimeandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani. Mkulima wa Kalenga, ambaye babu yake ndiye anayezungumzwa, hawezi kuzisoma. Mwalimu wa Rujewa hawezi kuzipata. Historia ya watu ikifungiwa katika lugha wasiyoielewa, imetwaliwa mara ya pili. Katika shule lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Linastahili kulishwa matunda ya utafiti huu, kwa tafsiri na kwa vitabu vipya.

Iringa kina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kilichopewa jina la Mkwawa, kinachofunza walimu. Waliofanya kazi ya Majimaji mwaka 1968 walikuwa wanafunzi kama hao, wenye daftari, kalamu na miguu ya kutembea. Kazi hiyo yaweza kuanza tena likizo ijayo: kila mwanafunzi kijiji chake, mzee wake, daftari lake, Mhehe akamwulize Msangu, na Mbena akamwulize Mhehe. Na nakala moja ibaki kijijini, ili wenye historia wawe wa kwanza kuisoma na wa kwanza kuisahihisha.