Paka Wangu, Daktari na Nusu Kidonge
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wazee wetu, Kisauni, baada ya swala ya Tarawehe)

 



Nilipoambiwa nizungumze usiku wa leo, wenzangu walitaraji nitasema juu ya saumu. Mie nitasema juu ya paka. Naona vijana kule nyuma mwacheka. Chekeni, lakini msikize.

Paka mwenyewe alikuwa akiitwa Shombo, kwa kuwa alitufuata nyumbani kutoka kwa mama karanga mmoja pale karibu na Mlaleo, angali mdogo, ananuka samaki mwili mzima. Alikaa kwetu miaka sita. Mamangu akiamka kula daku, naye huamka. Mwezi wa Shaaban mwaka jana alipigana na paka shume, akarudi na jeraha mguuni. Siku ya tatu mguu ukafanya jipu, homa juu, hataki kula. Siku ya pili yake asubuhi uso umevimba, ahema kama aliyekimbizwa. Nikamtia kwenye kikapu, nikapanda matatu hadi kwa daktari wa wanyama.

Daktari alimtazama dakika tano hivi. Akamfunua mdomo, ufizi ulikuwa rangi ya kahawia, kama chai ya rangi. Akasema, "Huyu amekula sumu." Sumu gani? "Labda ya panya, ndiyo tuionayo sana." Akampiga sindano, nikalipa, nikarudi. Kabla ya Alasiri Shombo alikuwa amekufa mapajani mwangu. Nililia, na sioni haya kusema. Mtume (S.A.W.) alimuona Abu Umayr, mtoto mdogo nduguye Anas, ana huzuni kwa kufiwa na kijidege chake, akamuuliza habari za kile kijidege kwa upole. Hakumwambia, "Ni ndege tu."

Sasa sikilizeni ubaya ulioingia. Jirani yetu, ambaye mie humwita Ami kwa heshima, huweka sumu ya panya kwenye banda lake la kuku. Basi mimi nikamaliza kesi moyoni. Nikaacha kumwamkia. Ramadhani ikaingia, mamangu akapakua sahani ya futari impelekee Ami, nikasema nina tumbo, siwezi kwenda. Mfungaji mimi, na aya ya 12 ya Suratul Hujurat ya kukataza dhana nimeihifadhi tangu madrasa!

Lakini ile rangi ya ufizi haikunitoka. Nikaenda maktaba ya chuo, nikasoma. Sumu nyingi za panya za madukani huzuia damu isigande. Mnyama hakai akafa siku ile ile, huchukua siku mbili, tatu, hata tano, kisha hutoka damu. Zipo zinazoua upesi, lakini hata hizo dalili zake si uso kuvimba na ufizi wa kahawia. Nikakasirika: daktari huyu kanidanganya! Nikaikumbuka hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, basi ni mdhamini wa madhara yake. Nikasikia pia kwamba ipo Bodi ya Madaktari wa Mifugo, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2011, inayopokea malalamiko. Nikaandika barua, kurasa mbili.

Kabla ya kuituma nikaona nimkabili mwenyewe. Alinisikiza mpaka mwisho, hakunikata. Akafungua faili, akanionyesha mstari mmoja kwa mwandiko wake: dawa aliyopewa nyumbani, hakuna. "Nilikuuliza," akasema. "Ukasema hakuna."

Wallahi, hapo ndipo nilipokumbuka. Usiku ule wa homa nilisaga nusu kidonge cha Panadol, nikakichanganya na maziwa, nikamnywesha kwa mkono wangu. Alipouliza dawa, Panadol haikunijia akilini hata kidogo. Kwetu Panadol si dawa, ni kama chumvi, iko kila kabati.

Daktari akanifahamisha. Ini la paka halina uwezo kama wetu wa kuivunja parasetamoli. Hugeuka sumu, huiharibu damu isibebe hewa, ndiyo ufizi ukawa kahawia na uso ukavimba. Nusu kidonge cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mzima. Na ipo dawa ya kuizuia, ile ile apewayo binadamu aliyezidisha Panadol, lakini yataka iwahi. Nikamwambia, "Na wewe ufizi uliuona." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Niliuona. Nilipaswa kukuuliza tena, kwa jina la dawa. Na lile neno la panya lilikuwa la kukisia." Nilimheshimu kwa hilo. Alisema pia kwamba ningetaka uhakika, mzoga ungepelekwa upesi, ukiwa kwenye barafu, kwenye maabara ya mifugo kule Mariakani. Lakini Shombo tulikuwa tumeshamzika chini ya mwarobaini siku nyingi.

Basi kina mama, nawaomba, paka akiumwa msimpe Panadol, wala robo. Na mkiulizwa na daktari, tajeni kila kitu, hata mafuta ya habasoda.

Ile barua niliichana. Hadithi ya Abu Dawud niliyomshikia daktari ilikuwa yangu mimi. Yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka hakumpenda, mimi nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Kumi la mwisho nilichukua sahani ya futari mwenyewe, mbaazi na mahamri, nikaenda kwa Ami. Nikamueleza yote, nikamuomba radhi. Akanitazama muda.

"Mwanangu," akasema, "mie nilidhani wanikasirikia kwa ule mfereji wa maji."