Miguu Kwanza, Begi Baadaye



Ukipita misikitini kuanzia Tanga hadi Mombasa, hukosi kuona tangazo la umra limebandikwa karibu na mahali pa kutawadhia. Siku kadhaa Makka, siku kadhaa Madina, hoteli karibu na Haram, kiongozi Mswahili, chakula cha nyumbani. Watu wanaandikisha majina, wanatoa arubuni, wanaanza kuhesabu siku. Na wengi wao ni wazee wetu, ambao hiyo ndiyo pasipoti yao ya kwanza na ndiyo ndege yao ya kwanza. Leo nataka kuzungumza na hao, na zaidi na watoto wao, kwa sababu nimeona jinsi tunavyowaandaa na sijaridhika.

Tunawaandaa kwa mizigo. Tunanunua begi jipya, kanzu, mabuibui, tunaita watu waje kula na kuaga. Mambo mazuri hayo, siyakatai. Lakini mzee wa miaka 68, ambaye mwaka mzima safari yake ndefu ni kutoka nyumbani hadi msikiti wa mtaa, anapandishwa ndege leo, na kesho yake anatakiwa kuzunguka Al-Kaaba mara 7, kisha aende kati ya Safa na Marwa mara 7. Hiyo saayi peke yake ni kama kilomita 3. Bado hujahesabu mizunguko ya tawafu, wala njia ya kutoka hotelini na kurudi. Kama chini pamejaa na kundi likapanda ghorofani, mzunguko mmoja wa juu ni mrefu mara kadhaa kuliko wa chini. Na hiyo ni ibada ya siku ya kwanza tu. Baada ya hapo kuna swala tano, na kila mmoja anataka kuziswali Haram, maana hilo ndilo lililompeleka.

Kwa hiyo, kama safari imebaki miezi miwili, mtoe mzee atembee. Aanze dakika ishirini baada ya Alfajiri, wiki inayofuata aongeze. Atembee na vile viatu atakavyosafiri navyo, si vipya vya kufunguliwa kwenye boksi uwanja wa ndege. Mwanamume akiwa katika ihramu havai soksi wala viatu vya kufunika miguu, na ndani ya msikiti wengi hutembea peku. Ile sakafu nyeupe ya mataf, pale watu wanapozunguka Al-Kaaba, ni marumaru iliyotoka kisiwa cha Thassos kule Ugiriki, nayo haichomi hata jua likiwa utosini. Ukitoka nje ukakanyaga lami, ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo nyayo zinapotoka malengelenge, na kwa mwenye sukari lengelenge moja linatosha kumlaza hotelini siku zote zilizobaki. Mwenye sukari amwone daktari kabla ya kuondoka, amwambie waziwazi kwamba atatembea peku, kisha amuulize na sheikh wake ni kandambili gani laini anazoweza kuvaa. Viatu vya kuvuliwa mlangoni vitiwe kwenye mfuko wa kitambaa, avibebe mwenyewe. Ukiviacha kwenye lundo ukatokea mlango mwingine, huvipati tena.

Na joto, ndugu zangu. Mwaka 2024 katika hija, Makka ilipita nyuzi 51, na zaidi ya mahujaji 1,300 walifariki. Wengi wao walikuwa wamekwenda bila vibali, hawana mahema ya baridi wala mabasi, wakatembea masafa marefu juani. Umra si hija, na mwenye viza na hoteli yake hayuko katika hali ile. Lakini jua ni lile lile. Sisi wa pwani hujiona tumezoea joto. Letu lina unyevu, unatoka jasho na unajijua kuwa umechoka. La kule ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mzee anaweza kushinda bila kunywa maji asihisi kiu. Afundishwe kunywa kila baada ya swala, akiwa na kiu au hana.

Dawa za presha na sukari zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya paketi zake, pamoja na karatasi ya daktari. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na cheti chake kisifungiwe ndani ya begi kubwa. Ihramu nayo vivyo hivyo. Ndege inayokwenda moja kwa moja Jeddah inapita mikati, yaani mpaka wa kuhirimia, ikiwa angani, rubani au kiongozi anatangaza, na aliyeweka ihramu yake kwenye begi la chini ya ndege hapo hana la kufanya ila kuomba ya mwenzake. Wanaoanzia Madina wana nafasi zaidi, kwa kuwa wao watahirimia Dhul-Hulayfa, pale wanapopaita Abyar Ali.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko haya yote. Mtu akijiunga na kundi hudhani amekabidhi kila kitu kwa kiongozi. Atamfuata mwenye bendera, basi. Sasa fikiria wakati wa swala. Wanaume wanakwenda upande wao, wanawake upande wao. Mke na mume wanaachana, mama na mwanawe wanaachana. Imamu akitoa salamu, maelfu kwa maelfu ya watu wanainuka kwa pamoja na kumiminika milangoni, na bendera ya kiongozi haionekani tena. Hivyo ndivyo watu wanavyopotea, nao wanapotea mara tano kwa siku.

Niliwahi kumkuta mzee mmoja wa kwetu nje ya Haram baada ya Alasiri. Amekaa kwenye ukingo, kanzu imelowa mgongoni, mkononi ameshika kadi ya kufungulia mlango wa chumba. Kadi nyeupe, haina jina la hoteli. Kila aliyemsogelea kumuuliza alimjibu neno moja tu, Tanzania. Shingoni alikuwa na kitambulisho cha kundi lake, na namba ya simu iliyochapishwa pale ilikuwa ya ofisi ya Dar es Salaam. Tulipiga. Kwa bahati binti wa ofisini alipokea, akatafuta namba ya kiongozi ya kule, na mzee akafuatwa. Ingekuwa Ijumaa jioni ofisi imefungwa, sijui tungempeleka wapi. Hakuwa mzee aliyechanganyikiwa. Alikuwa mtu mzima mwenye akili zake timamu, anayejua juzuu kadhaa kwa moyo, ila hakuna aliyemwambia hoteli yake inaitwaje.

Kabla ya safari, mlazimishe kiongozi akupe jina la hoteli kwa Kiarabu na namba ya simu atakayokuwa nayo Makka. Andika kwenye kadi ngumu, ivaliwe shingoni, na nyingine ikae mfukoni. Mkubaliane mlango wa kukutana kwa namba yake. Milango ya Haram ina majina na namba, kama Mlango wa Mfalme Fahd ulio namba 79. Hii habari ya "tukutane pale mlangoni" haimfai mtu katika msikiti wenye milango mingi kiasi kile. Ule mnara mkubwa wa saa unaonekana kutoka mbali, basi mzee ajue hoteli yake iko upande gani wa mnara. Na siku ya kwanza, kabla ya kupumzika, mtu amchukue waende na kurudi mara moja, kisha mara ya pili mzee mwenyewe atangulie, msindikizaji afuate nyuma kimya.

Simu pia. Ruhusa ya kuingia Rawdha, ndani ya Msikiti wa Mtume pale Madina, inaombwa kwa programu ya Nusuk. Uliza mapema kama kiongozi anaomba kwa niaba ya kundi au kila mtu anajiombea. Kama kila mtu anajiombea, basi mama ajue kufungua hiyo programu mwenyewe. Nimeona simu nzuri ya bei kubwa ambayo nywila yake anaijua mjukuu aliyebaki Magomeni.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Usilipe bila risiti, na usilipe hadi ujue hoteli inaitwaje. Neno "karibu na Haram" halina kipimo. Uliza ni mita ngapi, na zinahesabiwa hadi wapi, maana wengine wanahesabu hadi pale uwanja wa nje unapoanzia, na kutoka pale hadi kwenye Al-Kaaba bado kuna mwendo. Kama kuna basi, uliza linasimama wapi na linafanyaje barabara zikifungwa saa za swala. Uliza chumba ni cha watu wangapi, na vitanda viwekwe kwa kuangalia nani ana goti bovu na nani anaamka usiku. Watu wanaona haya kuuliza, eti safari ya ibada haina maswali ya kibiashara. Mimi nasema fedha uliyoidunduliza miaka yote hiyo ina haki ya kuulizwa.

Na mizigo ya watu! "Bi mkubwa, nifikishie kifurushi hiki, mwanangu atakupokea Jeddah." Hapana. Hata kama ni jirani, hata kama ni wa ukoo. Mirungi kule ni dawa ya kulevya, baadhi ya vidonge vya maumivu vinavyouzwa huku kama pipi ni kosa kubwa kule, na anayekamatwa ni aliyebeba. Mama yako ni mpole na hawezi kukataa, basi wewe mwanawe ndiye ukatae, mbele za watu, siku ya kuaga.

Wakati wa kurudi asihangaike na madumu ya Zamzam. Hayaruhusiwi ndani ya begi, na uwanja wa ndege yanauzwa maboksi ya lita 5 yaliyofungwa rasmi.

Saa za Makka na za kwetu ni sawa, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpigia mzee usiku wa manane. Mpigie baada ya Isha, akishafika chumbani. Usianze kumuuliza umetuombea, wala kumtumia orodha ya manukato. Muulize amekunywa maji mara ngapi tangu asubuhi, amemeza dawa ya jioni, na umwombe yule wa kitanda cha pili amwangalie nyayo.