Uchungu Si Kipimo: Dawa za Mimea Dhidi ya Viluwiluwi wa Mbu Khwisero

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii na walimu wa vilabu vya sayansi, Khwisero, Kaunti ya Kakamega

Utangulizi



Mvua ya masika ikishika, kila mmoja wetu anajua maji yanakolala: mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe kando ya kijito, mitaro ya barabara, mabwawa ya samaki yaliyoachwa. Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria, hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua. Tangu yai hadi mbu kamili hupita siku 10 hadi 14 hivi. Siku hizo zote adui hana mbawa. Yumo kidimbwini, hana pa kukimbilia.

Je, mimea iliyo karibu nasi yaweza kummaliza humo? Inaweza, ila tujifunze kuipima kwanza.

Mimea inavyofanya kazi

Mwarobaini una azadiraktini, nyingi zaidi kwenye kokwa za mbegu kuliko majani. Kazi yake kubwa ni kuvuruga ukuaji: kiluwiluwi hushindwa kujivua gamba, asifikie kuwa mbu. Mwaka 2007 mtafiti Fredros Okumu na wenzake walichapisha matokeo ya mafuta ya mwarobaini yaliyotengenezwa yachanganyike na maji: sehemu 6 kwa milioni zilizuia nusu ya viluwiluwi wa Anopheles gambiae wasigeuke mbu. Dawa hii huchukua siku kadhaa. Anayechungulia kidimbwi kesho yake atawakuta wakiogelea, naye ataitupa dawa nzuri.

Pareto hushambulia neva na kuua haraka, lakini huua samaki pia. Tagetes minuta, gugu la mashambani lenye harufu kali, lina tiofeni, kemikali ambazo sumu yake huongezeka zikipigwa na mwanga.

Kisha kuna maua malulu, tunayoyajua kama ua wa boma na mbolea ya majani. Kwa kuwa ni machungu, wengi huamini kwamba maji yake lazima yataua. Uchungu si kipimo. Nguvu ya jani hubadilika kwa umri wake, msimu na namna lilivyokaushwa. Aidha, dawa iliyokamuliwa maabara kwa spiriti si sawa na iliyochemshwa kwenye sufuria yetu.

Jaribio la vikombe

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2005 unaonyesha njia ambayo hata klabu ya shule inaweza kuifuata. Weka viluwiluwi 25 wa umri mmoja katika kila kikombe. Tenga vikombe vinne kwa kila kiwango cha dawa, na vingine vyenye maji matupu. Hesabu waliokufa baada ya saa 24. Kwa mwarobaini, funika vikombe kwa chandarua na uendelee kuhesabu hadi waliosalia wageuke mbu. Wakifa zaidi ya asilimia 20 kwenye maji matupu, rudia jaribio lote, kwa maana hujui kilichowaua.

Tahadhari

Dawa ya mmea nayo ni sumu. Isimwagwe kisimani, kwenye chemchemi wala bwawa la samaki. Bwawa lina dawa yake: utafiti wa Kisii uliochapishwa 2007 ulionyesha kuwa perege walipunguza viluwiluwi wa Anopheles kwa zaidi ya asilimia 94 katika wiki 15.

Nafasi ya dawa hizi

Utafiti katika mabonde ya nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, uliotolewa 2009, ulitumia bakteria wanaoua viluwiluwi pamoja na vyandarua. Hatari ya watoto kupata maambukizi mapya ilipungua kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na vyandarua pekee. Kupambana na viluwiluwi kunalipa, basi, lakini chandarua kinabaki kitandani. Shirika la Afya Duniani linashauri kupambana na viluwiluwi pale mazalio yalipo machache, yasiyohamahama na rahisi kupatikana.

Mapendekezo

1. Kila kijiji kiorodheshe mazalio yake kabla ya masika.
2. Shimo linalofukika lifukiwe. Mtaro unaozibuka uzibuliwe. Dawa ije baadaye.
3. Vilabu vya shule vipime mwarobaini na maua malulu, na kuandika kila hesabu, hata ya dawa iliyoshindwa.
4. Dawa isitumiwe nje ya vikombe kabla ya kushauriana na afisa wa afya ya umma.

Hitimisho

Bibi zetu waliijua mimea hii kwa ulimi na kwa macho. Sisi tuongeze daftari. Mtu akija na sufuria ya majani akisema inaua mbu, tusimcheke wala tusimshangilie. Tumpe vikombe vinane, vinne vya dawa yake na vinne vya maji matupu, tuketi naye tuhesabu.